Mistari Miwili Myeupe

Mzee aliligeuza lile gari la kuchezea akalitazama chini, kisha akalirudisha. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya boneti, polepole, kama mtu anayekwangua vocha. Ukucha haukukwama popote. Nilijua hautakwama. Boneti ile nilikuwa nimeisugua kwa msasa wa 1000, nikaja 1500, nikamalizia 2000, nikaipuliza klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, mara tatu, halafu nikaing'arisha kwa dawa ile ile ambayo wauza magari hufichia mikwaruzo.

"Zuri," akasema. "Mkono unao, mwanangu."

Nikangoja.

"Sasa lile langu liko wapi?"

Nikacheka. Wazee wa Ngamiani, hapa Tanga, utani ndio salamu yao ya pili, nikadhani ananichokoza. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa akiangalia nyuma yangu, kwenye pikipiki, kama vile kuna mfuko mwingine nimeusahau.

Hiyo ni wiki saba zilizopita. Nimejaribu kuandika mambo mengine hapa, rasimu tatu nimezifuta. Swali lile halikuniachia nafasi.

Namba 256

Wasomaji wa siku nyingi mtalitambua gari hata bila picha: gari la kuchezea la Corgi namba 256, mfano wa Volkswagen 1200 ya rali ya East African Safari, iliyouzwa kuanzia 1965 hadi 1968. Nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, namba 18, na tairi la akiba juu ya paa ambalo ukilizungusha magurudumu ya mbele yanapinda. Ndani ya boksi, pamoja na gari, kulikuwa na kifaru, yule mnyama. Kampuni ya Mettoy, watengenezaji wa Corgi, iliyokuwa na kiwanda chake Swansea huko Wales, iliona mtoto wa Kiingereza hataielewa rali ya Afrika Mashariki bila kifaru.

La mzee lilinijia ndani ya bahasha ya kaki. Kifaru hayupo. Matairi hayapo, yote manne, na la juu ya paa pia, limebaki tundu tu. Kito kimoja cha taa ya mbele kimeng'oka. Pembe zote zimeliwa hadi chuma kinaonekana, kile cha kijivu cha zinki. Na boneti imeganda weusi mzito, juu yake kuna weupe weupe. Kwenye daftari langu la kazi niliandika hivi, nanukuu: "Boneti: lami/uchafu. Matone ya rangi nyeupe. Kuondoa yote."

Baba yake alikuwa karani bandarini hapa Tanga. Baharia mmoja alimpa gari lile amletee mtoto. Mtoto ndiye mzee huyu, sasa ana wajukuu.

Na alichoniomba, nimekuja kukumbuka baadaye, kilikuwa kifupi sana: "Litie matairi, mjukuu alisukume."

Matairi. Basi.

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

Keekee haina kurudi nyuma

Katika kazi hii karibu kila kosa lina dawa. Rangi ikichuruzika unaisugua, gundi ikimwagika unaikwangua. Isipokuwa ribiti.

Magari haya ya zinki bodi na sahani ya chini vimeshikwa na vijiti viwili vya chuma kile kile vilivyopondwa vichwa kiwandani. Huwezi kuvifungua. Unaweka keekee ya milimita tatu juu ya kichwa cha ribiti, unazungusha taratibu mpaka kichwa kiliwe, sahani inaachia. Baadaye unatoboa shina, unalichonga uzi, unafunga skrubu. Gari litaonekana kamili kwa juu, lakini mtu yeyote akiligeuza ataona skrubu mahali pa ribiti, naye atajua limewahi kufunguliwa. Wakusanyaji wakubwa huanza kukagua hapo hapo, na wengi wao wanalipenda zaidi gari lililochubuka lenye rangi yake ya kuzaliwa kuliko lililopakwa upya likang'aa. Mimi sikuwahi kuwaelewa. Niliwaona kama watu wanaopenda viatu vilivyotoboka.

Ribiti ya pili ilipoachia nilisita kidogo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu umeme ulikatika wakati ule ule nikakaa gizani na gari limegawanyika mikononi, bodi kushoto, sahani kulia, viti vikiwa vimeangukia mapajani. Nikajiambia ni giza tu.

Rangi niliitoa kwa dawa nzito ya kuondolea rangi. (Msitumie sodakostiki kwa zinki, hata kama mtu amewaambia anaitumia miaka yote. Inakula chuma chenyewe, na maandishi madogo ya chini yanafutika kwanza.) Unapaka, unafunika kwa nailoni, unasubiri. Baada ya dakika ishirini rangi inajikunja kama utando wa maziwa. Ukipitisha mswaki wa zamani inatoka yote, nyekundu, nyeusi, nyeupe, uji mmoja.

Uji ule niliukunja ndani ya gazeti, nikatupa.

Yaliyofuata yalikuwa raha tupu, siwezi kudanganya. Fundi wa duka la rangi za magari aliifananisha nyekundu kwa kuangalia kipande kilichokuwa kimefichwa chini ya ukingo wa sahani, mahali ambapo jua halikufika kwa zaidi ya nusu karne. Akauliza ni ya gari gani. Nikafungua kiganja. Akacheka hadi akakaa. Na hachanganyi chini ya robo lita, kwa hiyo sasa nina nyekundu ya kupaka gereji nzima ya Volkswagen. Matairi yalikuwa oringi, zile pete za mpira, za pampu ya maji, dukani wanauza kwa moja moja. Tairi la paa na stika za maji za namba 18 niliagiza Uingereza, nikangoja kama anayengoja mahari. Kifaru sikuagiza. Wapo wanaouza nakala ya kifaru cha kuchezea, yaani bandia wa bandia, na bei yake ni ya kifaru wa kweli.

Tope la uongo

Upande wa pili wa meza ile ile kulikuwa na kazi nyingine: Datsun 240Z, modeli ya kampuni ya Hasegawa, ya plastiki, kipimo cha 1/24, lile la mshindi wa Safari ya 1971. Edgar Herrmann na Hans Schüller. Wao wawili walikuwa wameshinda 1970 wakiwa na Datsun 1600 SSS, wakarudi mwaka uliofuata na 240Z wakashinda tena, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo.

Gari la rali safi halina maana, kwa hiyo jioni tatu nzima nilikuwa natengeneza vumbi. Nilichota udongo mwekundu kando ya barabara baada ya Muheza, nikaukausha juani, nikautwanga, nikauchuja kwa soksi ndefu ya kike. Huwezi kuutumia hivi hivi. Punje ya nusu milimita, kwenye kipimo cha 1/24, ni kokoto ya milimita kumi na mbili. Dereva angepasua kioo. Unachuja mpaka ubaki kama poda ya mtoto. Halafu rangi yake: ukiupaka ulivyo unaonekana mkali mno, kama damu, kwa sababu gari dogo unalitazama kana kwamba liko mbali, na vitu vya mbali hufifia. Nikachanganya na chokaa kidogo. Nikaweka mengi nyuma ya magurudumu, machache mlangoni, na kwenye kioo cha mbele nikaacha nusu duara mbili safi za waipa.

Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Hili unaliogesha, lile unalipaka matope. Si ungehamisha tu uchafu wa hili ukaupeleka kule?"

Nilikuwa na jibu, tena jibu la kitaalamu. Nikamwambia kila modeli ina saa yake. Hili la plastiki saa yake ni Pasaka ya 1971, gari linaingia Nairobi limechoka. Hili la zinki saa yake ni siku lilipotoka kiwandani Swansea. Kazi yangu ni kulirudisha kila moja kwenye saa yake.

Akanywa chai. "Na nani kalichagulia hilo saa?"

Nikamwambia chai inapoa.

Kumi na moja

Siku tisa baada ya mzee kuniuliza lile swali, nilikuwa naweka stika za Datsun. Kazi ya usiku, watoto wamelala, feni imezimwa ili isipeperushe karatasi. Unakata namba, unailoweka sekunde kadhaa kwenye maji ya vuguvugu, inaanza kuteleza, unaivutia mlangoni kwa brashi iliyolowa. Namba ya gari la Herrmann mwaka ule ilikuwa 11.

Ilikaa kombo. Nikaisogeza. Ikakaa kombo upande wa pili. Nikainama hadi pua ikakaribia kugusa mlango, natazama moja mbili zilizosimama sambamba.

Mistari miwili.

Bodi ya Datsun ile ni nyekundu. Boneti yake ni nyeusi. Nilikuwa nimeipaka mimi mwenyewe wiki mbili kabla, ikakaukia kwenye rafu, wala sikushtuka.

Nikachukua simu. Huwa napiga picha kabla ya kazi yoyote, sio kwa ajili ya kuzitazama, ni kwa ajili ya kujisifu baadaye. Nikaikuza ile ya boneti. Weusi ule haukuwa umemwagika. Ulikuwa na kingo. Ulianzia chini ya kioo cha mbele ukaishia pale boneti inapoishia, na upande wa kushoto mtu alikuwa amevuka mpaka kidogo kisha akajaribu kufuta. Juu yake, matone yangu ya rangi nyeupe hayakuwa matone. Yalikuwa mawili tu. Yamesimama wima. La kulia fupi kidogo.

Mtoto alikuwa na Volkswagen yenye namba ambayo haikumhusu. Mwaka 1971 akaigeuza kuwa Datsun ya mshindi.

Nilikaa pale mpaka saa tisa usiku, na stika ya pili ikakauka mezani ikaharibika.

Mtu anayejua kila kitu

Kinachoniuma sio kwamba sikujua. Ningekuwa sijui ningejisamehe. Mimi najua. Niamshe usiku nikutajie: Volkswagen ilishinda 1954, 1957, na 1962 kwa Tommy Fjastad. Joginder Singh na nduguye Jaswant 1965, na Volvo. Mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari saba tu, na mara zote mbili Nick Nowicki alikuwa mbele na Peugeot 404. Mehta 1973 alilingana pointi na Harry Källström, wakatenganishwa kwa kuangalia nani alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu. Yote hayo nimeyabeba kichwani, na nikapewa mkononi alama iliyochorwa na mtoto mwaka ule ule, nikaiandika "uchafu".

Nimejitetea sana. Nimejiambia mzee naye angesema. Lakini nani humweleza fundi kwa nini gari lake la utotoni lina boneti nyeusi? Aliomba matairi, na hakuwa na sababu ya kueleza boneti.

Tena yule mtoto alifanya nini ambacho mimi sifanyi? Alichukua gari lililotoka kiwandani na habari iliyopitwa, akalisahihisha kwa vifaa alivyokuwa navyo. Sisi tunaita kubadilisha modeli, tunaandikiana makala ndefu kuhusu weusi ukolee kiasi gani. Alikuwa mjenzi mwenzangu aliyenitangulia, na kazi yake nikaifuta ili niweke stika iliyochapwa Uingereza.

Utotoni mwangu hatukuwa na Corgi. Tulikuwa na gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili, na ubavuni tunaandika kwa mkaa. Jumatatu ni Scania, Alhamisi ni Leyland. Kandambili ikiisha unakata nyingine, waya ukivunjika unasokota mwingine, na baada ya miezi sita hakuna kipande cha mwanzo kilichobaki, wala hakuna aliyeuliza kama bado ni lile lile. Lilikuwa lile lile. Sasa ninajiuliza ni lini nilianza kuamini kwamba gari la mtu lina tarehe moja ya kweli, nayo ni tarehe ya kiwanda.

Vijiko

Ufumbuzi ulionekana rahisi. Picha ninazo, rangi ninayo, mkono, kwa maneno ya mzee mwenyewe, ninao. Nipake boneti nyeusi, nichore mistari miwili, nimrudishie.

Huwa tunajaribia rangi kwenye vijiko vya plastiki, kwa sababu mgongo wa kijiko una mviringo kama wa bodi. Nikapaka vijiko kumi vyekundu, nikavifunika kwa nyeusi, nikaanza kuchora. Mkono wa kulia ulichora mistari mizuri kupita kiasi. Nikahamia kushoto. Kijiko cha nne kilikuwa hovyo, cha saba kilianza kukaribia. Nikajifunza kutetemesha brashi pale inapoanza, na kuuacha mstari wa kulia uishie mapema. Nikavuka mpaka upande wa kushoto, nikafuta kwa kidole, kama alivyofanya.

Kijiko cha kumi ukikiweka kando ya picha huwezi kutofautisha.

Hapo ndipo niliogopa. Nilikuwa nimetengeneza tope jingine, safari hii ni la utoto wa mtu.

Vijiko vyote viko kwenye droo. Sijui kwa nini sijavitupa.

Ngamiani, mara ya pili

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala, na Datsun ndani ya boksi la viatu, imezungushiwa pamba. Mzee alikuwa barazani. Nikaamkia, akaitikia, akaniitia kahawa. Volkswagen ilikuwa dirishani ndani, nikaiona kupitia nondo, inang'aa kama jino la dhahabu. Mjukuu hakuwa ameruhusiwa kuigusa. "Mama yake anasema litachubuka," mzee akaniambia, na mimi nikatazama miguu yangu.

Nikampa simu kwanza, ile picha. Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu.

"Enhee," akasema. "Hili sasa."

"Ni kumi na moja, mzee. Ile mistari."

"Sasa ulidhani ni nini?"

Sikumjibu. Nikamwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, akayapungia mkono kama anafukuza nzi. Alitaka kusimulia. Ile nyeusi ilikuwa lami kweli, kwa hiyo angalau hapo daftari langu lilisema kweli. Aliidokoa kwa mafundi wa vyombo huko pwani, akachapwa. Nyeupe ni rangi ya mafuta iliyobaki nyumba ilipopakwa madirisha. Brashi ilikuwa unyoya wa kuku. Picha ya gari aliiona kwenye gazeti lililofungiwa vitumbua, lina doa la mafuta katikati, akalitunza mpaka likasagika. Mwaka uliofuata rali ilianzia Dar es Salaam, mjomba wake akaahidi kumpeleka. Hakumpeleka. Gari lenyewe la rali, la aina yoyote, hajaliona hadi leo.

Nikafungua boksi.

Hakuligusa. Aliinama, mikono magotini, akalizunguka kwa macho kuanzia taa za mbele, boneti, mlango, vumbi langu la Muheza, hadi nyuma. Akarudi mbele.

"Hivi lilikuwa jekundu?"

Sikuelewa swali. Kisha nikaelewa. Gazeti lilikuwa la picha nyeusi na nyeupe. Alichokiona mwaka ule ni boneti iliyokolea kuliko bodi, na namba. Wekundu ulikuwa wa Volkswagen yake tu, alivyoletewa na baharia. Miaka yote hiyo alijua amepaka gari lenye rangi isiyo yake.

"Lilikuwa jekundu, mzee."

Akacheka hadi akakohoa, akamwita mkewe, akamwita jirani, akamwita mjukuu, akawaambia wote kwa zamu kwamba lilikuwa jekundu. Jirani hakujua kinazungumzwa nini akasema mashallah.

Nilipoaga alininyooshea Volkswagen. "Kaa nalo hili. Hilo la vumbi liache hapa."

Nikajaribu kumweleza kwamba lile ni plastiki, sio zinki, kwamba vioo vya pembeni vimeshikwa na tone la gundi lisilozidi kichwa cha sindano, kwamba halikutengenezwa kusukumwa. Mjukuu alikuwa ameshalichukua.

Namba 256 iko mezani kwangu sasa, safi, sahihi, ina 18 yake na skrubu zake mbili chini. Jana nilipita Ngamiani kwa shughuli nyingine nikamwona mtoto uwanjani na Datsun. Kioo cha kushoto hakipo, na vumbi la Muheza limefunikwa na la Tanga. Mzee hajanipigia simu nikakirekebishe.